Wasomaji Wauliza: Utumwa mamboleo kazini na kwa wasambazaji

Barua za safari hii zimetoka kwa maafisa manunuzi, maafisa utumishi na wenye viwanda. Zilizofanana tumeziunganisha. Wanaojibu ni jopo letu la wakaguzi wa masuala ya ajira na ununuzi.

Wahariri, salaam. Kiwanda chetu ni kidogo, tunashona mifuko ya mteja aliye ng'ambo. Ametuletea dodoso refu kuhusu utumwa. Hapa hatumfungi mtu minyororo, kila mmoja anakuja kwa miguu yake. Tujibu nini?
*Meneja wa kiwanda*

Ndugu meneja, msiandike "Hapana" kwenye kila kisanduku na kulirudisha. Mteja anayeijua kazi hii huliogopa dodoso safi kupita lile lenye kasoro tatu zilizoelezwa na tarehe ya kuzirekebisha.

Minyororo si kipimo cha sheria. Mkataba Na. 29 wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, wa mwaka 1930 unasema kazi ya kulazimishwa, au shokoa kama wengine tunavyoiita, ni kazi au huduma yoyote anayotozwa mtu kwa kitisho cha adhabu, naye hakujitolea kwa hiari. Adhabu hiyo si kipigo peke yake. Kushikiliwa mshahara wa miezi miwili ni adhabu. Kuambiwa "ukiondoka tunakuripoti uhamiaji" ni adhabu. Na hiari ya siku ya kwanza haitoshi: aliyekuja mwenyewe, akakuta kazi siyo aliyoahidiwa na sasa hawezi kuondoka, yumo.

ILO ina viashiria 11: kutumia udhaifu wa mtu, udanganyifu, kumzuia asitembee, kumtenga, ukatili wa kimwili au wa kingono, vitisho, kushika hati zake, kuzuia mshahara, kumfunga kwa deni, mazingira mabaya ya kazi na malazi, na saa za ziada kupita kiasi. Kwa makadirio ya mwaka 2021, watu milioni 27.6 walikuwa katika kazi ya kulazimishwa, na milioni 17.3 kati yao walikuwa kwenye sekta binafsi nje ya biashara ya ngono: viwandani, mashambani, kwenye ujenzi, majumbani, melini.

Kabla ya kugusa kalamu, fungueni kabati la afisa utumishi. Mkikuta pasipoti au vitambulisho halisi, vyote virudi leo kwa wenyewe, kila mmoja asaini kupokea, nanyi mbaki na nakala. Wakiomba sehemu salama ya kuhifadhi, wapeni makabati madogo yenye funguo wanazozishika wenyewe, yafikike usiku na mchana bila kumwomba mtu ruhusa. Kisha someni makato yote kwenye karatasi za mshahara mstari kwa mstari, someni mkataba unasema nini kuhusu anayeacha kazi kabla ya muda, na mwulizeni mlinzi wa bweni mlango unafungwa saa ngapi na ufunguo anao nani. Mtakayoyakuta ndiyo majibu ya dodoso.

Tuna wasambazaji zaidi ya 600 na watu wawili wa kufanya kazi hii. Tuanzie wapi?
*Afisa manunuzi*

Msianze na mnaowalipa fedha nyingi. Ndilo kosa tunaloliona mara nyingi: orodha inapangwa kwa kiasi cha malipo, kumi wa juu wanachunguzwa, nao wanakuwa kampuni ya umeme, ya bima na ya programu za kompyuta. Anayedeki korido zenu saa kumi alfajiri, akiwa ameajiriwa na mkandarasi wa mkandarasi, yuko chini kabisa ya orodha hiyo.

Mpeni kila msambazaji alama 0 hadi 3 kwa maswali manne. Kazi yenyewe ikoje: ya mikono, ya msimu, ya usiku, ya hatari? Anayeifanya ni nani: mhamiaji, kibarua, mtu anayelala kwenye malazi ya mwajiri? Aliajiriwaje: moja kwa moja, au kupitia wakala na dalali wake? Mahali pakoje: wakaguzi wa kazi wanafika, chama cha wafanyakazi kinaruhusiwa? Jumla ni 12. Wenye 8 na kuendelea waingie kundi la kwanza. Lakini msiache jumla iamue peke yake: yeyote mwenye 3 kwenye swali la kuajiriwa aingie kundi hilo hata kama kwingine ana 0, kwa sababu wakala mbaya anaweza kumtumbukiza mtu kwenye deni ndani ya kiwanda kinachong'aa. Tarajieni kubaki na wachache ambao watu wawili wanaweza kuwamudu.

Anzeni na huduma zilizo ndani ya majengo yenu: usafi, ulinzi, upishi, ujenzi, upakuaji mizigo, vibarua wa wakala. Hapo mna mamlaka ya kuuliza leo hii, wala hamhitaji ndege.

Chini ya msambazaji wa kwanza, fuateni bidhaa badala ya kampuni. Chagueni malighafi mbili tu zinazojulikana kwa hatari, mathalani pamba, kakao, samaki, matofali au madini ya kobalti. Ombeni karatasi za shehena moja, mrudi nazo nyuma hatua kwa hatua mkilinganisha uzito. Kiwanda kinachouza kilo 1,000 za uzi wa pamba tupu lazima kilinunua pamba zaidi ya kilo 1,000, maana nyingine hupotea kwenye usokotaji. Karatasi zikionyesha 700, zilizobaki zimetoka pengine, na hapo ndipo pa kuuliza. Kwenye madini, tafuteni viyeyushio na viwanda vya kusafishia: migodi ni mingi, wao ni wachache, na karibu kila kitu hupita mikononi mwao.

Wahamiaji walioko kwa msambazaji wetu mmoja walilipa mawakala ili wapate kazi. Yeye anasema walilipa kwao, kabla hajawaona, na yeye hahusiki. Ana hoja?
*Meneja uzingatiaji wa sheria*

Hana. Tunaomba mvumilie jibu refu, kwa kuwa mtu akituuliza aanze na jambo gani moja, tutamtajia hili.

Chukueni mfanyakazi aliyekopa kiasi cha mishahara yake 8 kulipa wakala, kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi kwenye deni lililobaki. Akiweza kutuma nusu ya mshahara kila mwezi, riba ya mwezi wa kwanza inakula karibu nusu ya alichotuma, na deni linaisha mwezi wa 23. Mkataba wake ni wa miezi 24. Sasa mwajiri aanze kumkata chakula na kitanda, abaki na uwezo wa kutuma robo tu ya mshahara. Riba peke yake ni asilimia 24 ya mshahara, naye analipa 25. Deni litamalizika baada ya miaka 9. Mtu huyu hahitaji kufungiwa mlango. Nyapara akimtukana atanyamaza, akiambiwa afanye zamu ya pili ataifanya, na mkaguzi akimwuliza kama yuko kwa hiari yake atasema ndiyo.

Ndiyo maana Mkataba Na. 181 wa ILO wa mwaka 1997 unakataza mawakala binafsi wa ajira kumtoza mfanyakazi ada au gharama, moja kwa moja au kwa kuzunguka. Kanuni inayofuatwa sasa ni kwamba mwajiri ndiye hulipa gharama zote: ada ya wakala, vipimo vya afya, viza, nauli, mafunzo ya kabla ya safari, hata dhamana.

Ana biashara ya kupoteza pia. Julai 2020 forodha ya Marekani ilizuia glavu za kampuni tanzu mbili za Top Glove ya Malaysia, na kufungwa kwa deni kulikuwa miongoni mwa yaliyotajwa. Kampuni iliwarudishia wafanyakazi ada walizolipa, na zuio likaondolewa Septemba 2021.

Kurejesha fedha kuna utaratibu wake. Hojini wafanyakazi kwa makundi: nchi waliyotoka, wakala aliyewaleta, mwaka walioingia. Wa njia moja na mwaka mmoja mara nyingi walilipa kiasi kinachokaribiana, hivyo sampuli nzuri kutoka kila kundi inatosha kupata kiwango. Msidai risiti. Dalali hatoi risiti, au hutoa ya sehemu ndogo inayoruhusiwa kisheria, na kampuni inayosema "tutamlipa mwenye risiti" imeamua kutolipa. Riba ihesabiwe. Waliokwisha kuondoka nao watafutwe.

Fedha ziingie kwenye akaunti ya mfanyakazi mwenyewe, kwa ratiba iliyotangazwa kwa lugha yake, na mnunuzi achangie pale bei yake ilipokuwa haibebi gharama ya kuajiri. Baada ya miezi mitatu rudini mhoji tena, kwa sababu mambo mawili huharibika hapo. Mwajiri hupandisha kodi ya bweni ili arudishiwe alichorejesha, au nyapara hupita jioni kukusanya "shukrani". Linganisheni makato ya kabla na ya baada.

Kwa wanaokuja, mwekeni wakala kwenye mkataba: atamke madalali wake wote hadi kijijini, alipwe kwa kila mtu kiasi kinachotosha kweli, na mfanyakazi aulizwe mara mbili alilipa nini na kwa nani, kwanza kabla ya kusafiri, tena wiki chache baada ya kufika. Kila muulizaji awe mtu wa nje ya wakala. Wakala anayewaleteeni watu bure, bila kuwatoza hata ninyi, analipwa na mtu. Mtafuteni ni nani.

Ukaguzi wa kiwanda kimoja umetoka safi kabisa, ila roho yangu haijatulia. Niangalie nini?
*Mkaguzi wa ndani*

Roho yako ina sababu. Kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises, Karachi, Pakistan, kilipewa SA8000, cheti cha kimataifa cha mazingira bora ya kazi, mwezi Agosti 2012. Septemba 11 mwaka huohuo kiliungua na watu zaidi ya 250 wakafa. Hilo lilikuwa suala la usalama wa moto. Tunalitaja kwa kuwa linaonyesha cheti kinavyoweza kutolewa na hatari ikiwa palepale. Madeni na vitisho havionekani hata kwa macho, ukiyalinganisha na mlango wa dharura.

Tatizo la kwanza ni kwamba ziara ilitangazwa. Omba dirisha la wiki tatu bila kutaja siku. La pili ni vitabu viwili. Daftari la mahudhurio la kuonyeshwa wageni hutambulika: wino mmoja kwa mwezi mzima, watu wote wameingia saa 2:00 kamili na kutoka saa 11:00 kamili, hakuna aliyechelewa wala kuugua. Usibishane nalo. Tafuta kumbukumbu ambazo hakuna aliyefikiria kuzipamba: daftari la sindano zilizovunjika, ambalo huandikwa tarehe na saa, mafuta ya jenereta, daftari la zahanati, orodha ya sahani zilizopikwa usiku, kitabu cha malori getini. Sindano iliyobadilishwa Jumapili saa 3 usiku imekwambia kuna mtu alikuwa kwenye cherehani Jumapili saa 3 usiku.

Mishahara ikilipwa benki, usiridhike na orodha ya malipo. Omba wafanyakazi wachache, kwa ridhaa yao, wakuonyeshe taarifa za akaunti. Kadi zikiwa mikononi mwa nyapara, utaona akaunti kadhaa zikitolewa fedha kwenye mashine ileile, dakika zinazofuatana, kiasi kilekile.

Mahojiano yafanyikie nje ya kiwanda, siku ya mapumziko, na mkalimani asiwe wa kiwanda wala wa wakala. Chagua mwenyewe watu kutoka kwenye orodha ya bweni, kwa kuwa orodha ya mishahara huenda haina vibarua. Usianze na "Unalazimishwa?" Uliza: Ulikujaje hapa? Nani alikusaidia? Ulitumia fedha za nani? Mwezi uliopita ulipokea ngapi mkononi? Ukitaka kwenda kwenu wiki ijayo, inakuwaje? Swali hilo la mwisho ndilo hufungua mengi. Majibu yakifanana neno kwa neno, wamefundishwa. Ahirisha, urudi kwa njia nyingine. Jina la aliyesema lisiingie kwenye ripoti itakayosomwa na mwajiri, wala maelezo yanayomtambulisha, kama "mwanamke pekee wa kitengo cha kupaka rangi".

Tuliweka sanduku la malalamiko. Mwaka mzima hatujapata hata karatasi moja. Si dalili njema?
*Afisa utumishi*

La. Sehemu yenye watu 300 na malalamiko sifuri ina sanduku lisiloaminika. Angalia lilipo: chini ya kamera? Mlangoni kwa msimamizi? Ufunguo anao nani? Asiyejua kuandika alitumieje? Weka namba ya simu ya bure inayopokelewa na watu wa nje, kwa lugha wanazozungumza, na ujumbe wa sauti upokelewe. Kisha bandika ukutani kila mwezi: yameletwa mangapi, yametatuliwa mangapi, kwa siku ngapi, bila majina. Watu huanza na kujaribu maji. Atalalamikia choo kwanza. Kikitengenezwa ndani ya wiki, mwezi unaofuata atataja makato.

Wakulima wa nyanya wa Florida, Marekani, wanaofuata Mpango wa Chakula cha Haki tangu 2011, hupokea wafanyakazi wenzao wanaofundisha haki shambani, muda huo ukilipwa. Simu ya malalamiko iko wazi saa 24, na shamba linaloshindwa kurekebisha hupoteza soko kwa wanunuzi waliosaini. Kilichoupa nguvu ni hiyo sehemu ya mwisho: lalamiko lina matokeo.

Tumegundua watu wameshikiwa hati na hawajalipwa miezi minne. Mkurugenzi anataka tuvunje mkataba leo. Tufanye hivyo?
*Mkuu wa manunuzi*

Leo hapana. Mkiondoka, mwajiri anabaki na hati, watu wanabaki na deni, nanyi hamna tena njia ya kumbana.

Kwanza usalama wa watu. Msimkabili mwajiri kabla ya kujua nani anaweza kudhurika; tukio la namna hii limewahi kuishia na wafanyakazi kuhamishwa usiku. Zungumzeni na shirika la msaada au chama cha wafanyakazi kinachofahamu eneo hilo, na waulizeni wahusika wanataka nini: wengine wanataka kurudi kwao, wengine wanataka mishahara yao na kuendelea na kazi. Polisi wahusishwe kwa ushauri huo, maana mahali pengine mhamiaji aliyeokolewa huishia kwenye mahabusu ya uhamiaji. Mtu akiwa katika hatari ya haraka, msisubiri chochote kati ya hivi.

Kisha mpeni msambazaji mpango wenye tarehe. Hati zirudi ndani ya saa 24, malimbikizo ya mshahara ndani ya siku 30, mtu wa nje athibitishe. Shikeni oda mpya, lakini lipeni ankara za kazi iliyokwisha fanyika, na ikiwezekana fedha ziende kwa wafanyakazi kupitia akaunti ya pamoja inayosimamiwa. Kanuni Elekezi za Umoja wa Mataifa za mwaka 2011 zinataka kampuni itumie ushawishi wake kwanza, iuongeze ikiwa hautoshi, na inapofikiria kuondoka ipime madhara ya kuondoka kwenyewe. Msambazaji akikataa, akidanganya tena, au ikiwa serikali yenyewe ndiyo inayolazimisha kazi na hakuna wa kushauriana naye, ondokeni. Mwambieni sababu kwa maandishi.

Ni sheria zipi zinatugusa sisi tunaouza nje?
*Mwanasheria wa kampuni*

Kwa ufupi. Uingereza, sheria ya 2015: kampuni yenye mauzo ya pauni milioni 36 kwa mwaka hutoa tamko la hatua zake dhidi ya utumwa, likapitishwa na bodi na kusainiwa na mkurugenzi. Australia, 2018: mapato ya dola milioni 100 za huko. Ufaransa ina sheria inayozitaka kampuni kubwa ziangalie madhara kwa wasambazaji wake tangu 2017. Ya Ujerumani ilianza Januari 2023 kwa kampuni za wafanyakazi 3,000, ikashuka hadi 1,000 mwaka uliofuata. Ya Kanada ilianza Januari 2024. Hizi huwabana wanunuzi wenu, nao huwashushia ninyi maswali.

Zinazogusa mzigo wenyewe ndizo za kuangalia sana. Marekani imekataza bidhaa za kazi ya kulazimishwa tangu sheria ya ushuru ya 1930, na tangu Juni 2022 chochote chenye malighafi ya Xinjiang, China, huchukuliwa kuwa kimetokana na kazi hiyo hadi mwingizaji athibitishe vinginevyo. Umoja wa Ulaya utaanza kutekeleza marufuku yake Desemba 14, 2027. Tunzeni karatasi za kila shehena kuanzia malighafi. Forodha haitasoma tamko lenu.

Sisi ni wanunuzi, bei tunapatana na msambazaji anakubali mwenyewe. Utumwa wake unatuhusuje?
*Mnunuzi wa mavazi*

Unawahusu kwa hesabu. Kwa kila vazi kuna dakika za kushona zinazojulikana. Zidisha dakika hizo kwa mshahara halali wa dakika, ongeza bima, likizo na malipo ya ziada ya kisheria, kisha tazama bei uliyopatana. Ikiwa vazi linahitaji dakika 20 za kazi na bei yako imebakiza fedha za dakika 13, dakika 7 zitatoka kwa mtu asiyelipwa. Msambazaji anakubali kwa sababu akikataa oda inaenda kwa jirani.

Tarehe nazo zina uzito wake. Kubadilisha rangi wiki mbili kabla ya meli bila kusogeza siku ya kupakia ni kuagiza zamu za usiku, au ni kumsukuma apeleke kazi kwa kijikarakana ambacho mkaguzi wenu hajawahi kukisikia. Kulipa ankara baada ya siku 120 wakati mishahara hulipwa kila 30 ni kumfanya akope, na wa kwanza kucheleweshewa ni kibarua.

Kwa hiyo gharama ya kazi iandikwe kwenye mkataba kama mstari wake peke yake, usioingia kwenye mapatano ya punguzo. Wekeni tarehe ya mwisho ya kubadilisha oda. Baada ya hapo kila badiliko lisogeze siku ya kupakia. Kabla ya kuweka oda linganisheni vipande mnavyotaka na uwezo wa mashine zilizopo kwa saa za kawaida: kiwanda chenye uwezo wa vipande 40,000 kwa mwezi kikikubali 70,000, kiulize 30,000 vitashonwa wapi na nani, na usisaini hadi upate anwani.